Sitaacha kazi, na mlima pia siuachi

Sijui nani aliwaambia watu kwamba ukipenda kitu sana lazima uache kazi ukakifuate. Mi nimeambiwa hivyo mpaka nimezoea. Jumatatu naingia ofisini miguu inauma, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi kwa kushuka mteremko masaa matatu na viatu vinavyobana, ngazi nashuka kinyumenyume maana mapaja yamegoma, halafu mtu ananitazama anatikisa kichwa, "dada, si uache tu hii kazi ukaishi huko huko?" Anasema kwa nia njema, najua. Ila nikimjibu kwamba siachi na wala sijawahi kutaka kuacha ananiona muongo.

Mi ni mhasibu. Mwisho wa mwezi tunafunga hesabu, mwisho wa mwaka wakaguzi wanatuhamia, na katikati hapo kuna ripoti za kila aina ambazo nyingine naapa hakuna anayezisoma. Na kila nikipata siku mbili zangu mfululizo nipo nje, mlimani, msituni, juu ya baiskeli, ndani ya hema linalovuja, popote pasipo na dari. Vitu hivi viwili vinanigombania miaka kumi na kitu sasa, na msimamo wangu najua wengi watabisha: kazi haijawahi kuninyima mlima. Aliyeninyima ni mimi mwenyewe, kwa kuupa mlima makombo, yaani ile Jumamosi iliyobaki baada ya kila mtu kuchukua chake.

Tuna picha moja kichwani ya mpanda mlima, mtu asiye na bosi, ndevu, gari limejaa kamba, kesho yake haijulikani. Sasa mwangalie Edmund Hillary. Yeye na Tenzing Norgay ndio wa kwanza kufika kilele cha Everest, 29 Mei 1953, na kazi yake alikuwa mfuga nyuki huko New Zealand pamoja na ndugu yake. Nyuki wanataka mtu kiangazi, kwa hiyo baridi ikiingia ndo jamaa anapata upenyo wa kwenda milimani. Joe Brown, ambaye mwaka 1955 alikuwa wa kwanza pamoja na George Band kuipanda Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, alikuwa kijana wa Manchester aliyejifunza ufundi bomba. Halafu kuna Alexander Kellas, huyu wengi hawamjui, Mskoti, alikuwa anafundisha kemia kwa wanafunzi wa udaktari London, likizo ikifika anaelekea Himalaya. Mwaka 1911 alifika kilele cha Pauhunri, mita 7,128, pamoja na Masherpa, wenyeji wa milima ya Himalaya, aliokuwa akipanda nao, kisha akarudi kwenye kemia yake.

Ila wangu mimi ni Junko Tabei. Mjapani, mwanamke wa kwanza kusimama juu ya Everest, 16 Mei 1975. Alikuwa mhariri wa jarida la fizikia, nyumbani kaacha mtoto wa miaka mitatu, na pesa ya safari ilitafutwa kwa njia zote mpaka kufundisha watu piano. Vifaa vingine yeye na wenzake walishona wenyewe, mifuko na glavu za kuzuia maji walizitoa kwenye viti vya gari vilivyokwisha kazi yake. Siku kumi na mbili kabla ya kufika kileleni poromoko la theluji liliwafunika kwenye mahema usiku, yeye akazimia, Sherpa akamfukua, na bado akapanda. Nikiwa na rundo la ankara mezani na mvua inapiga dirishani huwa namkumbuka huyu mama akihariri kurasa za fizikia na kichwani ana mlima. Najua, najua, hao walikuwa wanaondoka miezi, mimi naomba siku tano naulizwa maswali kama naenda kuolewa. Lakini hakuna kati yao aliyekaa kusubiri maisha yasiyo na kazi ndipo aanze kupanda.

Na hiyo biashara ya kugeuza mapenzi kuwa ajira, mimi niliionja. Kuna mwaka nilianza kupeleka vikundi vya watu mlimani wikendi kwa malipo. Miezi sita tu. Nikajikuta naamka saa kumi alfajiri kuhesabu vichwa, huyu hajalipa salio, yule kaja na viatu vya kutokea usiku, mwingine anauliza kileleni kuna pa kuchajia simu, na ikinyesha nagombezwa mimi kana kwamba mvua nimeiagiza. Siku moja tulifika juu, mawingu yako chini yetu yametandazwa kama pamba, watu wote wametulia kimya, na mimi nimeinama natafuta risiti ya usafiri kwenye begi. Nilikuwa nimefungua ofisi nyingine, tofauti yake hii ina matope. Nikaacha. Wako wanaoweza, waongozaji wazuri kabisa wanaoishi kwa kazi hiyo na bado macho yao yanawaka, nawavulia kofia. Mimi mlima unapolipa mshahara unakuwa bosi, na bosi ninaye tayari.

Sasa turudi kwenye makombo. Watu wengi ninaofanya nao kazi wanaona aibu kuomba likizo yao wenyewe. Wanaiomba kwa sauti ya chini kama wanakopa, na wengine mwaka unaisha siku zimebaki na wanajisifia! Hivi mnajua hizo siku zilipatikanaje? Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, 1919, ulikuwa wa kuweka masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, maana kabla ya hapo watu walikuwa wanafanyishwa kazi mpaka wanaanguka. Wafaransa walipata wiki mbili za likizo yenye malipo kwa sheria mwaka 1936, mwaka wa migomo mikubwa, na kiangazi hicho kuna wafanyakazi walioiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Na Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi vijana wa tabaka la wafanyakazi kutoka Manchester na maeneo ya jirani, waliingia kwa pamoja kwenye mlima wa Kinder Scout ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Jela, kwa sababu ya matembezi ya Jumapili! Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja 1949. Kwa hiyo mimi fomu ya likizo naijaza mwezi wa kwanza, tarehe zote, kabla mtu hajaweka chake kwenye kalenda, na siombi radhi. Bosi wa kwanza alinuna. Huyu wa sasa ameshazoea, tena ananiuliza "mwaka huu wapi?"

Kuna kosa lingine nililofanya muda mrefu, la kudhani kama siwezi kwenda siku nne basi hakuna maana ya kwenda. Kwa hiyo nilikuwa naishi kwenye kiti miezi mitatu nasubiri safari moja kubwa, na safari ikifika mwili umelegea, kilima cha kwanza tu napumua kama bomba bovu. Mwingereza mmoja, Alastair Humphreys, alizunguka dunia kwa baiskeli miaka minne, halafu baada ya yote hayo akawa anahimiza watu wafanye safari ndogo ndogo karibu na kwao. Hoja yake moja naipenda sana: kazi inakuchukua saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, haya, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu asubuhi ni ya nani? Nilicheka. Kisha Jumatano moja nikatoka ofisini na begi, nikapanda kilima, nikalala huko, asubuhi nikaoga kwa vitambaa vya maji na kuingia kikaoni nikiwa na jani kwenye nywele. Hakuna aliyeniambia mpaka saa sita mchana.

Sifanyi hivyo kila wiki, tusidanganyane. Jioni nyingi natoka hoi, na ninachoweza ni kutembea saa moja njia ya miti kabla giza halijaingia. Lakini hata hiyo ina thamani yake, kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliohusisha karibu watu 20,000 uliokuta kwamba wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili ndio waliosema zaidi kwamba wana afya na hali nzuri, na haikujalisha kama wamezipata kwa mkupuo au kwa vipande vipande. Inaweza kuwa wenye afya ndio wanaotoka zaidi, sawa, utafiti wa aina hiyo hauwezi kuamua kipi kimeanza. Mimi nachojua nikikosa hizo dakika Ijumaa nagombana na printa.

Sasa kuna jambo nataka kulisema taratibu kwa sababu naona watu wa ofisini tunaotoka wikendi hatulizungumzi kabisa. Tunachobeba mlimani kizito kuliko vyote ni Jumatatu.

Miaka minne iliyopita tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, Jumapili mchana, tunarudi. Mvua ilikuwa imenyesha juu usiku kucha na kijito tulichokivuka Jumamosi kwa kuruka mawe kilikuwa kimekuwa mto, maji ya rangi ya udongo, yanavuma. Mwenzangu akasema tusubiri, mito ya milimani inajaa haraka na inashuka haraka pia, tukilala hapa asubuhi tutapita. Chakula kilikuwepo, hema lilikuwepo. Mimi nikasema hapana, kesho saa mbili asubuhi nina kikao cha bajeti, siwezi kukosa, na nikaingia. Hatua ya nne maji yakanifika mapajani, jiwe likazunguka chini ya mguu, nikaenda. Sikumbuki vizuri, nakumbuka baridi na begi linanivuta kichwa chini kwa sababu mkanda wa kiunoni nilikuwa sijaufungua, kosa la kitoto kabisa, kila mtu anajua unafungua kabla ya kuvuka. Rafiki yangu alinidaka kwa kamba ya begi kwenye kona ambapo maji yanapungua kasi. Nilipoteza fimbo moja na ngozi ya goti. Tukalala ng'ambo ile ile tuliyoanzia, natetemeka, alfajiri maji yameshuka, tukavuka bila hata kulowa magoti. Simu iliposhika netiweki saa nne hivi nikakuta ujumbe umetumwa Jumapili jioni: kikao kimesogezwa mpaka Jumatano.

Nilikaa chini njiani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko woga.

Tangu siku ile safari yoyote ya kulala nje naiombea na Jumatatu yake. Nikirudi salama Jumapili, nafua na kulala. Na mahesabu ya njia nayafanya kwa ukali wa kihasibu, ile kanuni ya Naismith, mpanda milima Mskoti, ya mwaka 1892, saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda, halafu naongeza theluthi kwa sababu Naismith hakuwa anatokea kwenye wiki ya kufunga mwaka na usingizi wa masaa manne. Nikifika saa ya kugeuka nageuka, kilele kiko pale pale. Rafiki yangu huyo tunapanda naye mpaka leo na hajawahi kunikumbusha ule mto, na ndo maana tunapanda naye.

La nyumbani nalisema kwa kifupi maana halijaisha. Mume wangu hapandi chochote kirefu kuliko kitanda. Miaka mingi nilidhani mvutano wangu ni na bosi, kumbe siku ninazozipigania ofisini nikizipata nazichukua zote naondoka nazo, yeye anabaki na watoto na nguo za matope. Alinionyesha kalenda siku moja bila kusema neno, wikendi zangu amezizungushia duara. Tisa kati ya kumi na mbili. Sasa tunagawana, mbili zangu, mbili za nyumbani, na mkubwa wetu ameanza kuja nami safari fupi na analalamika njia nzima kisha akirudi anawasimulia wenzake kama yeye ndiye kaugundua mlima.

Mwezi huu tarehe ya kufunga hesabu imeangukia Jumamosi, na wikendi hiyo ni zamu yangu. Nimeshamwambia bosi nitamaliza sehemu yangu Alhamisi usiku. Ameniangalia, akasema, "na wale wakaguzi wakipiga simu?" Nikamwambia huko niendako netiweki hamna, ambayo sio kweli kabisa, kuna sehemu moja karibu na kilele inashika baa mbili, lakini hiyo siri yangu na ninyi.