Leseni Ipo Ukutani. Na Bastola Je?

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu kutoga sikio. Si ndewe, ni kule juu kwenye gegedu. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza na kijana mmoja. Akaipitisha pamba ya spiriti juu ya bastola ya kutobolea, mara mbili, kama anayefuta miwani, kisha akaita, "Haya, mdogo wangu, kaa."

Nikamuuliza kama huwa wanaichemsha. Akanyoosha kidole ukutani. "Tumekaguliwa, dada."

Nikasogea kuisoma leseni. Biashara ya urembo, ada imelipwa, mhuri umekolea. Tukaondoka, na mpwa akaninunia njia nzima.

Sasa huyo mkaguzi alikagua nini? Fremu? Vifaa vinavyogusa damu husafishwa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi. Bastola yenye plastiki ukiitia humo inatoka imepinda, kwa hiyo ile haijawahi kuchemshwa tangu itoke dukani. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Halafu bastola haitoboi, inalazimisha hereni butu ipite. Gegedu yenyewe haina mishipa ya damu, kidonda chake huchelewa kupona, na ikioza, sikio hukunjamana lisirudi tena.

Hata penye mashine ya mvuke, taa kuwaka si ushahidi kwamba inafanya kazi. Kuna pakiti ndogo za vijimbegu vya bakteria sugu: unaziweka ndani pamoja na vifaa, kisha zinapelekwa maabara. Vikiota huko, yaani havikufa, mashine yako ni birika tu. Mkaguzi angeomba daftari la vipimo hivyo kabla ya risiti ya ada, nusu ya vibanda vingefungwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini risiti ni rahisi kusoma, sivyo?

Haya, nakubali, ukibana sana watu wanajificha. New York ilipiga marufuku tatuu mwaka 1961, kisa homa ya ini, ikaja kuziruhusu 1997. Miaka yote hiyo watu walichorwa vyumbani, mapazia yameshushwa, bila mkaguzi hata wa kusoma fremu. Sitaki marufuku. Kikomo cha umri nacho hakina mjadala: Uingereza ilishakataza kuchora tatuu walio chini ya miaka 18 tangu 1969.

Juzi mpwa kapata fundi mwingine, wa sindano za pakiti. Kabla sijafungua mdomo, akamuuliza mwenyewe, "Samahani kaka, mashine yenu ilipimwa lini mara ya mwisho?"

Fundi akavuta droo, akatoa daftari.