Kuku wa Pete ya Bluu

Mhadhiri wangu alikuwa amebuni lishe ya kuku wa kienyeji, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, akanichukua nikamsaidie kuipima kijijini, Handeni. Kila kaya tulipiga kura juu ya kuku wake: walioangukia pete nyekundu mguuni walishwe ndani ya tenga, wa pete ya bluu waendelee kuparua jalalani. Kura ndiyo roho ya jaribio. Bila kura unaisifu lishe, kumbe uliwapa waliokuwa wanene tangu mwanzo.

Balaa la kwanza, matundu ya tenga. Bluu walipitisha shingo wakala kama walioalikwa. Mhadhiri akajifariji kwamba hata Busia, Kenya, watoto waliopewa dawa za minyoo shuleni waliwapunguzia minyoo wenzao ambao hawakumeza. Sawa, ila dawa ya minyoo haichunguliwi tunduni.

Siku ya kupima uzito, mama mmoja akatuandalia wali na mchuzi wa kuku. Nikazungusha upawa, mguu ukaibuka na pete yake ya bluu, namba 14 inasomeka vizuri kabisa.

"Mama, huyu si wa utafiti?" mhadhiri akauliza, kijiko hewani.

"Ndiye, baba. Wekundu mlisema ni wa kazi, hatukuwagusa. Hawa hamkuwapa kitu, tukajua ni wetu. Nikawachagulia mnene."

Mnene! Nikakumbuka minofu ya kaya zote zilizotukirimu. Kila mlo wetu uliondoa bluu mzito, wakabaki vishingo, na mizani ikawa inaisifia lishe uzito ambao sisi wenyewe tuliumeza. Campbell na Stanley, wataalamu wa mbinu za utafiti, mwaka 1963, walipoorodhesha vinavyoharibu uhalali wa ndani wa jaribio (uhakika kwamba tofauti imeletwa na lishe yenyewe, si kitu kingine), waliweka na vifo, yaani washiriki kupotea njiani. Sidhani walikuwa na maana ya mchuzi.

Mhadhiri akakimbilia uhalali wa nje, yaani matokeo kufaa hata nje ya kaya zilizopimwa. Akamweleza mzee mwenye nyumba kwamba, hata hivyo, matokeo yatawafaa wafugaji wote Tanzania.

"Wote?" mzee akacheka. "Sisi mmetupa tenga na dagaa bure. Hapo ng'ambo ya mto dagaa wanaliwa na watu, mtaalamu. Na kuku wanaliwa na vicheche."

Mhadhiri akatoa daftari, akafuta "wote", akaandika "baadhi", kisha akaomba paja.