Kitabu cha Umma Mikononi mwa Mwanafunzi wa Shule Binafsi

Likitajwa tu pendekezo la kuwaruhusu wanafunzi wa shule binafsi waazime vitabu katika maktaba za shule za umma, jibu huja haraka: mzazi aliyeamua kulipa ada, alipe na vitabu. Ni jibu lenye mvuto, kwa kuwa linasikika kama linamtetea mnyonge. Lakini linamhukumu mzazi, wakati anayekuja kuazima kitabu ni mtoto, ambaye mara nyingi hakuulizwa asome wapi.

Tena, kuazima si kugawiwa. Kitabu kina mhuri wa shule ya umma, namba yake ya usajili na nafasi yake kwenye rafu. Kinatoka kwa muda, kinarudi. Hivyo ndivyo Marekani ilivyolitazama jambo hili mwaka 1965, ilipopitisha sheria yake kubwa ya elimu ya msingi na sekondari. Sehemu ya pili ya sheria hiyo ilitoa fedha za vitabu vya maktaba na vya kiada kwa ajili ya watoto wa shule za umma na za binafsi pia, kwa sharti kwamba umiliki ubaki kwa mamlaka ya umma. Shule binafsi haikupata hata ukurasa mmoja wa kuuita wake.

Wanaopinga wana hoja zao, na si haki kuwaita wachoyo. Maktaba ya shule hununua vitabu kwa kufuata mitaala na idadi ya wanafunzi wake. Ilani ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO ya mwaka 1999 kuhusu maktaba za shule inataka huduma itolewe kwa usawa kwa jumuiya nzima ya shule, na jumuiya hiyo ina mipaka. Mkutubi mmoja anayehudumia madarasa yote akiongezewa wasomaji wa nje, mtu wa kwanza kukosa msaada wake ni yule mwanafunzi mwoga wa darasa lake mwenyewe. Na mitihani ikikaribia, nakala chache za kitabu kinachotahiniwa hugombaniwa.

Ila mgombano huo huwa wa majuma machache na wa vitabu vichache. Chukua wasifu au kitabu cha sayansi kilichokaa rafu ya chini, ufungue jalada la nyuma na kuangalia karatasi ya tarehe. Utakuta mihuri miwili mitatu, halafu weupe mpaka chini. Baada ya miaka, mkutubi anapochambua rafu, kitabu hicho kitaondolewa kwa sababu habari zake zimepitwa na wakati. Kodi ililipwa na kitabu kikanunuliwa, na hakikusomwa. Sioni mlipakodi analindwaje hapo kwa kumzuia msomaji aliyetoka shule ya pili. Wala shule binafsi zote si za matajiri. Zipo nyingi zinazoendeshwa na jumuiya za dini au na wazazi wenyewe, kwa ada inayoishia kwenye mishahara ya walimu. Chumba cha maktaba hazina, au zinacho na kimegeuzwa darasa.

Hofu inayosumbua zaidi ni kwamba mali ya umma itatumika kwa malengo ya shule binafsi, hasa ya kidini. Kwa hili tuna ushahidi uliopekuliwa mahakamani. Mwaka 1985 walipakodi wa Jefferson Parish, katika jimbo la Louisiana, walikwenda mahakamani kupinga mpango wa kuzikopesha shule binafsi vifaa na vitabu vilivyonunuliwa kwa fedha za serikali kuu. Mwaka wa fedha wa 1986–1987 zilishiriki shule binafsi 46, na 34 kati yake zilikuwa za Kikatoliki. Asilimia 44 ya fedha zilizotengwa kwa ajili ya shule hizo ilinunua vifaa vya maktaba. Sheria ilitaka vifaa hivyo visiwe vya kidini. Walalamikaji wakaonyesha kwamba kwa miaka mitatu ya masomo, kuanzia 1982–1983 hadi 1984–1985, vitabu visivyostahili vilipitishwa: maombi yapatayo 191, kwa gharama isiyofika dola 7,500.

Namba hiyo 191 imetumika sana kuonyesha uvujaji. Mimi naiona kinyume. Gharama yake haikufika asilimia moja ya fedha za mpango huo katika eneo hilo kwa miaka hiyo. Mtu atasema hivyo ni vile vilivyogunduliwa tu. Sawa, lakini tujiulize viligundulikaje. Kila kitabu kiliombwa kwa jina lake na kuandikwa kwenye orodha, na orodha inasomeka hata miaka mitatu baadaye. Fedha taslimu zikishaingia kwenye akaunti ya shule zinachanganyika na nyingine, na hakuna atakayejua zipi zilikwenda wapi. Anayeogopa matumizi mabaya ya mali ya umma ana sababu ya kupendelea uazimaji kuliko ruzuku yoyote.

Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupitisha mpango huo kwa majaji 6 dhidi ya 3. Majaji wanne waliona inatosha kwamba msaada unatolewa bila upendeleo. Majaji wengine wawili, O'Connor na Breyer, walikubali matokeo, ila wakakataa kwamba kutopendelea peke yake kunatosha. Waliangalia pia ulinzi uliowekwa dhidi ya matumizi ya kidini. Msimamo wa hao wawili ndio ninaouona sahihi.

Nasema hivyo kwa sababu ya Mississippi, mfano ambao watetezi wa kushirikiana huukwepa na hawapaswi kuukwepa. Jimbo hilo liliwaazima wanafunzi wote vitabu vya kiada, wakiwemo wa shule binafsi zilizofurika wakati shule za umma zilipolazimishwa kuacha ubaguzi wa rangi. Wanafunzi wapatao 34,000 walikuwa wakitumia vitabu vya jimbo katika shule binafsi 107 za weupe watupu. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilikataza. Hapo kitabu kilikuwa kinaisaidia shule iwafungie watoto wengine mlango. Shule inayobagua haifai kuwa mshirika, na hilo liandikwe mwanzoni mwa makubaliano, kabla ya kadi ya kwanza kutolewa.

Mengine yanapangika. Mwanafunzi wa shule yenyewe atangulie kwenye foleni, vitabu vya mitihani visitoke nje msimu wake ukifika, na shule binafsi ilipe kinachopotea na ichangie saa za mkutubi.

Penye ugumu wa kweli ni vitabu vya kidijitali, maana mara nyingi shule hainunui kitabu bali leseni, na leseni huhesabu watumiaji au mikopo. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins ilianza kuwauzia wakutubi vitabu vya namna hiyo kwa ukomo wa mikopo 26, kisha maktaba inunue upya. Kwa mkataba kama huo msomaji wa nje anakula sehemu ya fungu la wa ndani, na hapo wapinzani wako sahihi kabisa. Hadi mikataba mipya itakapohesabu na kulipia watoto wa pande zote mbili tangu siku ya kusainiwa, ushirikiano uishie kwenye vitabu vya karatasi.