"Ndiyo, nesi"

Neno ninaloliogopa kuliko yote katika kliniki ya presha ni "ndiyo". Mama mwenye umri wa mama yangu anakaa mbele yangu, kipimo kinasoma 178 kwa 104. Namweleza chumvi, namweleza dawa, namweleza mazoezi. "Ndiyo, nesi. Nimekuelewa." Mwezi unaofuata anarudi vilevile, au zaidi.

Kwa miaka mingi nilidhani hawasikii, nikawa nakaza sauti. "Unataka upate kiharusi? Nani atakuuguza?" Nyumbani nisingethubutu kumtamkia hayo mtu mzima niliyetoka kumwamkia shikamoo. Naye anainamisha uso, anasema ndiyo tena, anachukua dawa zake anaondoka. Nilichelewa mno kuelewa kwamba ndiyo ile ilikuwa adabu tu, namna yake ya kuninyamazisha bila kunivunjia heshima.

William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1983 akizungumzia watu wenye tatizo la pombe, na mwaka 1991 akatoa kitabu pamoja na Stephen Rollnick. Njia yao huitwa mahojiano ya kuhamasisha. Mimi nasema mazungumzo, maana mahojiano kwetu yananuka kituo cha polisi. Hoja yao ni kwamba mgonjwa tayari ana pande mbili moyoni: mmoja unataka kubadilika, mwingine hautaki. Mhudumu akishika upande wa kubadilika na kuupigia kelele, anamwachia mgonjwa kazi ya kuutetea ule mwingine, na kadiri anavyoutetea ndivyo unavyozidi kumkaa. Kwetu utetezi huo hausikiki kliniki. Unafanyika jikoni, mbele ya sufuria, mimi sipo.

Siku moja nikamuuliza mama mmoja anayeuza nguo sokoni: "Mama, hizi dawa zinakupa shida gani?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, zinanipeleka chooni kila saa. Choo cha sokoni cha kulipia." Kumbe siku za gulio hamezi kabisa. Na chumvi? Anapika sufuria moja, mume na wajukuu wakikuta chakula kimepooza wanasukuma sahani. Alikuwa amekuja kliniki mwaka mzima bila mtu kumuuliza hayo. Nami nilikuwa mmoja wa wasiomuuliza.

Nikamwomba anipe namba, kuanzia 0 hadi 10, kushusha presha kuna umuhimu gani kwake. Akasema 6. Mimi wa zamani ningeuliza kwa nini si 10, na angeanza kunitajia vikwazo. Nikauliza, "Kwa nini 6, mama, si 2?" Akatazama mikono yake. "Dada yangu kalala upande mmoja. Namwogesha mimi." Siku hiyo sikuwa nimetaja kiharusi hata mara moja.

Aliyepanga la kufanya ni yeye: atapakua chakula chake kwanza, ndipo atie chumvi ya wengine. Kuhusu dawa nilimwomba ruhusa nimweleze, akakubali. Tukamwuliza daktari, naye akaridhia siku za gulio aimeze alasiri akisharudi nyumbani. Baada ya miezi 3 kipimo kilisoma 150 kwa 92. Bado iko juu, na daktari alimwongezea dawa nyingine. Sisemi ni muujiza. Hata tafiti za njia hii zinaonyesha faida ya wastani. Lakini sasa anameza.

Wenzangu wananiambia foleni hairuhusu. Foleni naijua, naishi ndani yake. Ila kugomba nako kunakula dakika, na dakika zile tunazirudia kila mwezi kwa mtu yuleyule. Kinachonisumbua zaidi ni semina za siku moja za kufundisha njia hii: mtu anarudi na cheti, anauliza swali zuri, halafu hasubiri jibu. Kusikiliza kunahitaji mazoezi, na mwenzako akae pembeni akwambie ulipomkatiza mgonjwa.

Tena kunahitaji faragha. Yule mama alinieleza habari za choo kwa sababu mvua ilikuwa imechelewesha watu na benchi lilikuwa tupu. Siku nyingine watu 40 wanasikia kila neno. Nimeomba chumba chenye mlango. Kwa sasa tumefunga shuka kwenye kamba, na ninaongea polepole.