Nilidhani ni mjusi

Siku mbili nzima nimewinda mjusi na kandambili. Usiku kukitulia nasikia tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena, na si unajua mijusi ya huku Bombo, Uganda, inajificha nyuma ya kabati inakucheka kama mpangaji asiyelipa. Nikasogeza kabati, nikasogeza kochi, nikapanda meza namulika dari na simu, mama watoto kalala anauliza Baba unatafuta nini, namwambia lala wewe, nashughulikia. Usiku wa tatu ndo nikaweka sikio kwenye laptopu. Kumbe mjusi ni diski.

Diski yenyewe ni ya nje, eksteno, tera moja, ingekuwa mtoto sasa hivi ingekuwa P.6, darasa la sita. Waya wake ulilegea zamani, ili isome lazima uinue waya kidogo upande wa kushoto, uweke boksi la kiberiti chini yake, halafu usipumue. Nyumba nzima inajua, baba akiwa na kiberiti mezani hakuna kukimbia sebuleni. Mi nilikuwa nahesabu hiyo ni teknolojia. Na ndani yake ndo kuna kila kitu, video ya harusi yetu ya 2011, picha za watoto toka hawana meno, karatasi za kiwanja nilizoskani, na kwa nini kopi ilikuwa moja tu usiniulize, hata wewe unayo moja.

Basi nikaichomeka vizuri, kompyuta ikawaza weee, mwisho ikaniletea maneno kwamba ili uitumie diski hii lazima kwanza uifomati, ufute vyote. Yaani umekwenda hospitali kumwona mgonjwa, nesi anakwambia sawa utamwona, ila kwanza tumzike.

Nikampigia shemeji. Shemeji anachapa kadi za harusi kule Nasser Road, Kampala, kwa hiyo nyumbani hapa yeye ndo profesa wa kompyuta. Akasema bonyeza yes. Bonyeza yes! Kwa sababu harusi si yake. Nikakataa, akaja mwenyewe Jumapili, akala kuku, akaanzisha ile amri ya kukagua na kurekebisha diski, ikaenda mpaka asilimia 11 ikaganda hapo, akaaga akaondoka na paja limefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Baadaye nikaja kuambiwa diski inayokufa haifanyiwi hivyo kabisa, ile amri inanyoosha orodha ya mafaili tu, haiokoi kitu, inailazimisha diski isome na kuandika palepale inapouma. Mtu kavunjika mguu unamwambia hebu tembea tuone.

Sasa majirani. Bombo habari haihitaji intaneti. Wa kwanza akasema ifukie kwenye mchele. Bwana, mchele ni habari za simu iliyotumbukia majini, diski yangu haijaona maji, na kwangu mchele ukiingia hausubiri mgonjwa, unaliwa. Wa pili akaja kabisa na bisibisi mkononi, tuifungue tupulize vumbi. Huyo nilimfukuza. Wa tatu ndo akaniponza kwa sababu ni mzee mwenye busara na anaongea polepole, akasema friza, usiku mmoja, itajirudi. Friza sina, nikampelekea mama wa duka, diski ikalala kati ya soda na maziwa ya pakiti, asubuhi naitoa inatiririka jasho kama abiria wa siti ya nyuma saa saba mchana. Na mama akanidai mia tano ya kulaza. Nikalipa!

Hapo ndo nikakubali kwenda Kampala. Taksi kutoka Bombo, Matugga sawa, Kawempe tukaanza kunusa jam, Bwaise tukasimama kama tumepanda mizizi, mimi diski nimeipakata ndani ya taulo la mtoto, kondakta anasema mzee mzigo weka chini, namwambia huu hauwekwi chini, abiria wote wakageuka wanafikiri nimebeba maiti ya kitu.

Fundi ni kijana, kibanda chake kina upana wa kitanda, ghorofa ya tatu, ngazi unapanda unatubu. Akaichukua, hakuichomeka, akainusa. Akaniangalia. "Ssebo, hii uliiweka kwenye friza?" Nikamwuliza umejuaje. "Inanuka maziwa."

Akanieleza taratibu kama anaongea na mfiwa. Ndani kuna sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kuna kichwa cha kusoma kinachoelea juu yake bila kugusa, pengo lake ni nanomita chache tu, yaani unywele mmoja wa binadamu ukiulaza hapo ni gogo la mvule katikati ya barabara. Sasa tone la maji ya friza? Hilo si tone, hilo ni Ziwa Victoria lote. Na ile tik tik ni kichwa kinatafuta njia, hakioni, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena, na kila nilipoiwasha kuona kama imepona ndo nilikuwa naimalizia. Kikivunjika kabisa, akasema, inafunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, inatafutwa diski nyingine ya aina ileile kabisa itolewe kichwa. Bei ya hiyo hakuitamka, aliiandika kwenye karatasi akanisogezea. Kwa heshima ile nikaelewa.

Ila kwa bahati diski ilikuwa bado inasoma kwa kusitasita. Akasema iachwe ikauke kwanza siku kadhaa, halafu kuna programu inaitwa ddrescue, inakopi diski nzima kama ilivyo kwenda diski nyingine, inaanza na sehemu zisizosumbua, ikifika penye ubishi inaruka, inarudi hapo mwishoni. Nikasema vizuri sana, anza. Akasema kalete diski nyingine, kubwa kama hii au kuizidi.

Banange! Ili niokoe diski ninunue diski! Nikateremka ngazi zote zile, nikanunua, tera moja, nikapanda tena natweta, akaichomeka, inasoma gigabaiti 931, si elfu. Nikamwambia nimepigwa, twende dukani. Akacheka, akasema wenye kiwanda wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, ndo maana. Mi nilidhani mambo ya kilo moja isiyofika kilo yako kwa wauza nyama tu.

Kazi laki mbili na nusu. Nikamwuliza programu unaipata bei gani, akasema bure. Sasa hizo laki mbili na nusu za nini? Akasema za kukaa nayo. Ikakaa siku nne baada ya kukauka. Kila nikipiga ananipa ripoti kama ya wodini, mgonjwa kapata gigabaiti mia mbili, mgonjwa kalala vibaya, mgonjwa kakwama. Umeme ukakatika mara tatu, nikajua basi, tunaanza upya, kumbe ile programu ina daftari lake inaandika ilipofika, umeme ukirudi anaiamsha inaendelea palepale. Maisha yangu yote hiyo ndo programu ya kwanza kukutana nayo inayojua kwamba umeme hukatika.

Ila orodha ya mafaili ilikuwa imeoza (shemeji, hiyo paja ulikula bure). Ikabidi kwenye ile kopi apitishe nyingine, PhotoRec, hii haijali majina wala folda, inachimba tu inatafuta mwanzo wa picha na mwanzo wa video. Nikarudi Bombo na picha elfu thelathini na kitu, zote zinaitwa f na namba, kama wafungwa. Video ya harusi ilikuwa imetawanyika vipandevipande kwenye sahani, kilichotoka kizima ni dakika 11, na zote 11 ni baba mdogo anaongea juu ya mbuzi ambaye hakuletwa. Bibi harusi haonekani. Mimi naonekana kiwiko.

Mama watoto akasema hamna shida, tuangalie picha. Tukakaa jioni, watoto, chai, moja baada ya nyingine, tunacheka, huyu alikuwa hana meno, hii nyumba kabla ya rangi. Halafu nikatokea mimi. Jinja, pale chanzo cha Mto Nile, shati wazi, mkono mmoja samaki mzima, mwingine chupa.

Akaniuliza hii ni lini. Nikamwambia hata sijui, majina yamepotea yote, fundi kasema. Akachukua mausi taratibu, akabonyeza pembeni. Kumbe jina linapotea lakini tarehe ya simu inakaa ndani ya picha yenyewe, haina habari na folda. Jumamosi, 17 Agosti 2019, saa tisa alasiri. Siku ya mazishi Mbale. Yale mazishi aliyonipa elfu hamsini zake za rambirambi na akawaambia watoto wamwombee marehemu.

Nikamwambia Jinja si iko njiani kwenda Mbale, tulisimama tu kula. Akabonyeza inayofuata. Palepale, saa moja jioni, samaki kabaki mifupa.

"Baba, aliyekufa alikuwa nani?"

Fundi wakati ananikabidhi alinipa na ushauri, mbele yake huyuhuyu mama watoto kwa sababu siku ile nilikuja naye kuchukua: kitu cha maana weka kopi tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja isikae nyumbani kwako. Mi nilimwitikia tu. Mwenzangu alisikiliza. Karatasi za kiwanja bado hazina kopi mpaka leo, lakini ile picha ya samaki iko kwenye diski mpya, iko kwenye flashi, na ya tatu ilipanda basi la Masindi Jumatatu asubuhi kwenda kwa mama mkwe.

Hajapiga simu bado.