Wakala bila floti

Hapa Tabora ukisema "wakala", mtu anamfikiria yule dada wa chini ya mwamvuli karibu na stendi, mwenye simu tatu na daftari lililojikunja pembe. Mimi siku hizi nikisema wakala namaanisha programu ya akili unde iliyopewa kazi, zana na ruhusa ya kujiamulia hatua inayofuata. Nilidhani tumeazima neno tu. Kumbe yule dada anajua namna ya kupanga mawakala kuliko mimi.

Mtindo unaopendwa ni kuwapanga kama kampuni. Mwaka 2023 ulitoka mfumo wa mawakala uitwao ChatDev, ndani yake mna mkurugenzi mtendaji, mkuu wa teknolojia, mwandika programu na mjaribu programu, wote ni modeli ya lugha, yaani akili unde inayosoma na kuandika, iliyovishwa cheo. MetaGPT ya mwaka huohuo ikaja na meneja wa bidhaa, msanifu na mhandisi. Nikavutiwa, nikajenga ya kwangu. Vyeo vyote nikaviweka kwenye faili moja la YAML, yaani maandishi mepesi ya mipangilio, ili hata mwenye mashine ya kukoboa mpunga abadilishe majina, kampuni ianze kazi.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya mama mdogo, ambaye hununua asali kwa warina wa Sikonge na kuiuza kwa jumla. Nikamwajiria mkurugenzi, meneja masoko, mhasibu na mkaguzi. Wiki ya kwanza mteja akaagiza kilo 280. Masoko akajibu: ndoo 14 za lita 20. Mhasibu akaandika ankara ya ndoo 14, mkaguzi akaipitisha, mkurugenzi akawapongeza wote. Anayeijua asali ameshacheka. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 inabeba kama kilo 28. Mteja alitaka ndoo 10. Alipiga simu kumuuliza mama mdogo ameanza lini wizi.

Mama mdogo hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hao wanne wamesoma shule moja?"

Walisoma shule moja, ndiyo. Chini ya vyeo vyote vinne kulikuwa na modeli ileile, na kosa ambalo masoko hakuliona, mkaguzi naye angelionea wapi? Nilikuwa nimemwandikia "wewe ni mkaguzi makini mwenye uzoefu wa miaka ishirini", kana kwamba uzoefu unapatikana kwa kuandikiwa. Mkaguzi wa maana ni anayetazama kitu ambacho mwenzake hakukitazama: daftari la stoo, mizani, bei ya leo. Mstari mmoja wa kodi (maandishi ya programu, si ya TRA) unaozidisha kwa 1.4, usio na akili yoyote, ungemshinda mkaguzi wangu.

Halafu kuna zile pongezi. Nilipofungua kumbukumbu za mazungumzo nikakuta mkurugenzi na masoko wameandikiana jumbe 40, nyingi zikiwa "kazi nzuri sana" na "asante kwa uongozi wako". Kwenye mpangilio kama wangu, kila wakala anapotaka kusema, mazungumzo yote ya nyuma yanatumwa upya kwa modeli, na unalipia kila tokeni, yaani kila kipande cha neno, inayosomwa. Jumbe 40 za tokeni 200 kila mmoja ni tokeni 8,000 zilizoandikwa. Zilizosomwa zinapita 150,000. Na Kiswahili chetu hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo adabu ya mkurugenzi ilinigharimu zaidi. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alieleza tangu 1968 kwamba mfumo hufanana na mawasiliano ya watu walioujenga. Mimi niliiga ofisi yenye vikao, nikapata programu yenye vikao.

Sasa mrudie dada wa mwamvuli. Hana cheo cha kutisha, ila ana floti: ikiisha, hata ulie, hakupi hela. Ana namba yake ya siri. Ana daftari unalosaini. Na muamala haujakamilika mpaka meseji iingie. Mambo hayo manne ndiyo yaliyokosekana kwenye faili langu. Nilijaza tabia na vyeo, sikuandika popote nani ana kikomo gani, anagusa nini, anamkabidhi nani, na nani anasaini.

MetaGPT nisiionee, kwani yenyewe iliwataka mawakala wakabidhiane nyaraka zenye muundo maalumu badala ya kupiga soga. Hicho ndicho cha kuiga, na sisi wengi tuliiga vyeo.

Kuna watakaosema vikomo vinaweza kuandikwa kwenye maelekezo ya wakala. Nilijaribu. "Usiuze zaidi ya stoo" likabaki ombi, siku nyingine linasikilizwa, siku nyingine mteja mwenye maneno matamu analipindua. Kikomo kikae kwenye kodi inayoshika zana, wakala akifika hapo agote. Ndoo nazo ziliuzwa mara mbili, mawakala wawili wakiwa wamesoma stoo dakika moja. Aibu kwa mtu anayeishi mji ambao treni za Mwanza na Kigoma zinaachania! Reli ni ya njia moja, na treni haiingii kipande mpaka stesheni ya mbele iseme ni cheupe. Sasa wakala anaitenga ndoo kwanza ili mwingine asiiguse, ndipo anataja bei.

Mkurugenzi nimemfuta. Faili limebaki na kazi tatu: anayepokea oda, anayehesabu stoo na anayeandika ankara. Mama mdogo anawaita "vijana". Kila mwenye mradi anaweza kubadilisha kazi, vikomo na njia ya makabidhiano. Kufuta daftari hawezi, hapo sijamwachia mtu uhuru. Na ankara yoyote inayozidi ndoo tano inasubiri saini ya mama mdogo mwenyewe, kwa simu yake.

Tatizo ni kwamba akiingia porini kwa warina hakuna mtandao. Tangu Jumanne kuna oda mbili zimelala, moja ya mteja wa Dar anayepiga kila asubuhi. Nilimwambia mama mdogo kabla hajaondoka kwamba naweza kumpa kijana mmoja ruhusa ya kusaini kwa niaba yake. Akafunga kanga vizuri, akapanda bodaboda. "Asali haiozi," akasema.