Zebaki katika papa na nduwaro: nani apunguze?

Ushauri wa kuwataka wajawazito waepuke samaki wakubwa wa bahari kuu kwa sababu ya zebaki, metali yenye sumu inayoweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, ulienea kwanza katika nchi ambako samaki ni kitoweo kimoja tu kati ya vingi. Ukiletwa Lamu kama ulivyo, ambako papa mkavu hukaa bila barafu na huwafaa wenye kipato kidogo, unaweza kumnyima mama chakula bila kumpa kingine. Hata hivyo, siwaungi mkono wanaoupuuza.

Kinachonishawishi ni hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, waliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili (aina ya zebaki inayopatikana kwenye samaki) kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mtu, yaani mikrogramu 96 kwa mwanamke wa kilo 60. Papa mkubwa, aliyeishi miaka mingi akila samaki wengine, anaweza kuwa na miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000, katika kila kilo ya nyama, na hapo gramu 96 tu za nyama mbichi humaliza kikomo cha wiki nzima. Akikaushwa, maji hutoka na zebaki hubaki, hivyo kipande kidogo zaidi kinatosha. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi, kwa kuwa imeshikamana na protini.

Wanaopinga hofu hii hutaja Shelisheli, na wana haki. Huko akina mama waliofuatiliwa na watafiti walikula samaki takriban mara 12 kwa wiki, na watoto wao hawakuonyesha madhara ya wazi. Madhara kwa watoto yalionekana visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambako zebaki ilitoka hasa kwenye nyama ya nyangumi. Lakini samaki wa Shelisheli walikuwa na wastani wa miligramu 0.3 kwa kilo, kwa hiyo utafiti huo unamtetea mla changu kuliko mla papa.

Mvuvi hana kosa: zebaki hutoka zaidi kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu na uchomaji wa makaa ya mawe, makaa yale yale ambayo yangechomwa katika mtambo wa umeme uliopangwa hapa Lamu, ambao kibali chake kilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira mwaka 2019.

Mtu mzima anayekula papa mara mojamoja sioni kwa nini aache. Mjamzito na mtoto mdogo ndio wapewe tafi, changu au dagaa badala ya papa na nduwaro, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu uliochongoka. Ila mwili huchukua siku 50 hivi kupunguza nusu tu ya zebaki iliyomo, kwa hiyo mama anayeelezwa haya kliniki katika mwezi wa tano wa ujauzito ameshachelewa. Maelezo yamfikie kabla hajashika mimba.